Matundu ya Meneja

Matundu mawili. Si moja, mawili, tena yamekaa jirani. Na juu ya kifuko chenyewe, kilichofumwa kwa sufu ya kijivu, alikuwa amelala Meneja, kucha nje, usingizi mzito.

Fundi viatu alimnyanyua paka wake kwa ngozi ya shingo. "Umeniua," alimwambia. Meneja alipiga mwayo.

Mama mkwe alikwisha kutoa onyo mbele ya watu: siku paka huyo atakapoharibu chochote alichokifuma, ama yeye ahame, ama paka ahame. Na mama mkwe hakuwa na dalili za kuhama. Tangu bintiye apate ujauzito alikuwa amepiga kambi kwenye kiti cha dirishani, anafuma asubuhi hadi jioni. Soksi, vikoti, vikofia. Mtoto alikuwa amebakiza miezi miwili azaliwe na tayari alikuwa na nguo nyingi kuliko baba yake.

Hiki kilikuwa kimemalizika asubuhi hiyo hiyo. Kifuko kirefu, kimezibwa juu, kiko wazi chini. Fundi alikadiria kuwa ni cha kumlaza mtoto ndani. Rangi ya kijivu ilimshangaza kidogo, na upana pia, lakini nani angethubutu kuuliza? Isitoshe, watoto hukua.

Mkewe na mama mkwe walikuwa wamekwenda kliniki. Alikuwa na saa mbili, zikizidi sana tatu. Alimpenda Meneja kwa moyo wote, kwa hiyo alivuta kapu la nyuzi akaketi.

Sindano haikumtisha, kushona soli ndiyo kazi yake. Kilichomtisha ni sufu. Mshono wa kwanza aliukaza kama wa buti, kitu chote kikajikunja mithili ya uso wa mtu aliyelamba ndimu. Akafumua. Akakumbuka jinsi mama mkwe anavyotarizi vifaranga kwenye vile vikoti: karatasi nyepesi huwekwa nyuma, sindano butu hupitishwa katikati ya vitanzi isivichane, na uzi haukazwi, ili sufu ipate kunyumbuka.

Jambo moja lilimfariji. Kingo za matundu hazikuwa zimefumuka hata kidogo. Meneja, pamoja na makosa yake yote, alikuwa amechana kwa ustaarabu.

Aliziba kwanza kwa uzi wa kijivu, akiusuka huku na huku mpaka hata mwanga haukupenya. Kisha juu ya kila kiraka akatarizi ua la njano, petali nane nane, na kitovu chekundu. Alijichoma kidole mara tano. Alipomaliza alikinyanyua, akakitazama kwa mbali, na machozi yakamlengalenga. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa ametengeneza kitu kisichokanyagwa.

Akakikunja, maua kwa ndani, akakirudisha palepale kitini.

Wanawake waliporudi, mama mkwe alikisogeza kando bila kukikunjua, akaanza soksi nyingine. Fundi alimkumbatia Meneja na kusubiri. Kila alipofungua kinywa aungame, aliishia kusifia soksi.

Jioni, taa zikiwa zimeshawashwa, baba mkwe alipitia hapo akielekea zamu yake kwenye ghala la kugandishia samaki.

"Mzee, kaa kidogo," mama mkwe alimwambia. "Nina kitu nataka ukione kabla hujaondoka."

Fundi alisimama, Meneja mikononi. Sasa au kamwe.

"Mama," alianza, "hicho kitu, nimekiongezea nakshi kidogo. Nisamehe kama..."

"Nakshi baadaye, mwanangu. Mzee anachelewa kazini."

"Lakini mama, Meneja..."

"Na huyo paka mshushe chini, amejaa manyoya."

Akakichukua kile kifuko cha kijivu, kikiwa bado kimekunjwa, akampa mumewe. Mzee alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakivaa kichwani na kukivuta kwa nguvu mpaka kidevuni. Maua mawili ya njano yakamtazama fundi.



"Mama watoto," ilisikika sauti kutoka ndani ya sufu, "umeme umekatika tena?"