Kanga Bombani

Tangu mvua zianze, jikoni kwa Mwasiti hapakukalika kwa moshi. Alimlaumu mama mkwe wake, Bi Chausiku, kwamba anatia kuni mbichi, akawaambia mpaka majirani. Bi Chausiku alihamia uani, akawa anapikia kwenye mafiga, amejifunika gunia mvuani, mpaka akaanza kukohoa.

Leo Mwasiti alizoa majivu, akachomoa bomba la moshi na kuligonga chini. Likadondoka bonge la masizi, na ndani yake kipande cha kanga kilichoungua pembeni. Kilikuwa chake. Alikisokomeza mwenyewe juu ya bomba siku ya mvua ya kwanza, maji yasidondokee motoni, kisha akasahau kukitoa.

Alipoinua macho, Bi Chausiku alikuwa mlangoni, anakitazama.

“Mama, mimi…”

“Rudishia bomba, mwanangu. Tuwashe kuni zilezile.”

Wakawasha. Moshi wote ukapanda juu. Mwasiti akasogeza kigoda karibu na moto, akakifuta kwa upindo wa nguo yake.

“Karibu ukae, mama.”

Ndani hapakuwa na moshi hata chembe. Bi Chausiku alibaki palepale mlangoni, akikohoa.