Wino Kwenye Kidole cha Marehemu

Mzee Chande ndiye aliyemfumba macho Bakari Mnyeto alfajiri ile, akamfunga taya kwa kitambaa, kisha akaenda kupiga kura wakati sanda ikitafutwa. Sheria ya mji ule haikuwa na mchezo: kila aliyeandikishwa lazima apige kura, apende asipende.

Aliporudi adhuhuri kumwosha, aliuinua mkono wa maiti akaduwaa. Kidole kidogo kilikuwa na wino mbichi wa zambarau.

"Nani kafanya hivi?"

Shomvi, mtoto wa marehemu, alikuwa ameshika kata ya maji. "Karani wa kura alipita na boksi la wagonjwa wasioweza kufika kituoni, mzee wangu. Jina la baba bado limo daftarini. Akasema asiye na wino haandikiwi kibali cha kuzikwa."

"Hukumwambia amekufa?"

"Nilimwambia. Akasema yeye hakuja kuandika vifo."

"Na kura akampigia nani?"

"Sijui. Karani ndiye aliyemshika mkono."

Mzee Chande akasugua kwa sabuni, akasugua kwa dodoki, maana maji sharti yafike kwenye ngozi. Wino haukutoka. Redio ya jirani ikatangaza kwa furaha kwamba mji mzima umejitokeza, hata mtu mmoja hakubaki nyumbani.

Akaacha kusugua. Akakilaza kidole chake kando ya kile cha marehemu, zambarau kwa zambarau.

"Mimina maji," akamwambia Shomvi, wala hakuuondoa mkono wake.