Shangazi Aja Kumwona Mgonjwa

"Sweta, kwa joto hili la Mtito Andei?" Shangazi Kasiva alimtazama Mutanu kuanzia kitambaa cha kichwa hadi malapa. "Ama unaficha nguo mpya ulizonunua na pesa za mgonjwa?"

Mutanu alivuta pazia, akamwonyesha mgeni kitanda.

Kisilu alikuwa amelala chali, blanketi hadi kidevuni. Chupa ya dripu ilining'inia kwenye msumari juu ya kichwa chake, na mpira wake ukashuka ukaingia chini ya blanketi. Kasiva alitikisa kichwa. Mtoto wa kaka yake, fundi wa malori anayetegemewa barabara nzima, kulala hivi mchana!

Ukoo ulikuwa umemtuma kutoka Mukuyuni aje aone kwa macho yake. Yeye ndiye aliyeshika mchango. Akiridhika, dawa ya mwezi ujao ingenunuliwa. Asiporidhika, hapangekuwa na dawa. Ugonjwa wenyewe, walivyoambiwa kwa simu, ulikuwa wa matumbo, wa kutopona, wa kutulizwa tu kwa dawa ya mshipani. Gharama ya kulazwa kila mara iliwashinda, kwa hiyo nesi mmoja jirani alikuwa amewafundisha kuiweka nyumbani.

"Alimfundisha nani? Huyu?" Kasiva alicheka kwa pua. "Mtu hata chai inamshinda."

Kweli Mutanu alikuwa ameimwaga. Alimimina kwa mkono mmoja, ule mwingine ameubana tumboni kama bibi arusi anayeogopa kuchafuka. Kasiva alimpokonya kitambaa, akapangusa meza mwenyewe.

Kisilu alijigeuza kidogo kitandani. Kwenye mpira wa dripu matone yakaanza kudondoka, moja baada ya jingine, na Mutanu akaruka kukaza kigurudumu. Matone yakakatika.

"Wee! Unabania hata dawa?"

"Inapumzishwa kwanza, shangazi."

"Anayependa kupumzika ni wewe."

Kasiva alikaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono mmoja wa Kisilu uliokuwa nje ya blanketi. Kucha zilikuwa nyeusi kwa girisi.

"Ona aibu hii! Mtu hajagusa lori tangu mvua iishe, na girisi bado iko. Hata kumwosha mume ni kazi? Ama kwenu Migwani maji ni ya wageni peke yao?"

"Shangazi, mwache tu," Kisilu alisema kwa sauti ya chini. "Ni mtu mzuri."

"Nyamaza, wewe ni mgonjwa." Aliupapasa mkono wake. "Tena shukuru ni wewe. Binamu yako Nzomo alituletea maneno ya upasuaji wa mkewe, na hata mbuzi wa ntheo hajawapeleka kwa wazazi wa msichana. Mbuzi hawajafika, huyo ni mke wa nani? Tulimwambia amrudishe kwa baba yake, akatibiwe huko. Ukoo unachangia damu yake, hauchangii wapita njia." Akamgeukia Mutanu. "Na mbuzi wako walifika kwenu, ama nimesahau?"

"Hawajafika, shangazi."

"Basi ongeza chai, mpita njia."

Mutanu aliongeza chai. Jasho lilimtiririka shingoni, lakini sweta hakulivua.

Kabla ya kuondoka Kasiva alisimama, akainua mikono na kuomba. Aliomba kwa sauti iliyowafikia majirani. Alimsihi Bwana ashushe uponyaji juu ya kitanda kile na aondoe katika nyumba ile kila kitu kinachonyonya na kila mdomo unaokula bila kutoa jasho. Jicho moja lilikuwa wazi, limemkazia Mutanu.

"Amina," alisema Mutanu.

Kasiva akatoa simu kwenye mkoba, akabonyeza kwa kidole kimoja. Chini ya mto wa Kisilu kitu kililia.

"Imeingia kwako. Huyu asiione hata kwa mbali." Akajifunga leso, akapita karibu na Mutanu bila kumpa mkono, akaita bodaboda kwa mluzi kama mwanamume.

Kisilu alingoja mpaka mlio wa pikipiki ukamezwa na malori ya Mombasa. Kisha akalifunua blanketi na kushuka kitandani, buti za gereji miguuni. Alinawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, kama nesi alivyomfundisha.

Mutanu alivua sweta, akajilaza pale mumewe alipotoka, na kunyoosha mkono wa kushoto, ambapo kisindano cha plastiki kilikuwa kimebandikwa plasta. Kisilu akaunganisha mpira, akalegeza kigurudumu.

"Pole kwa kuugua, baba," Mutanu alimwambia, akafumba macho.