Swichi Juu ya Sinki

Fundi Mbaruku alishafunga mashine ya kusagia mabaki ya chakula chini ya sinki la mabeseni mawili, akabakiza kuijaribu tu, umeme ukakatika. Nati ikamdondokea ndani ya mashine. Alitumbukiza mkono kuitoa. Kuingia uliingia, lakini kutoka ukagoma, saa yake ilikuwa imenasa.

Mwenye nyumba, Bi Ruzuna, alipita akibonyeza kila swichi kuona kama umeme umerudi. Akabonyeza na ile ya juu ya sinki, tena na tena.

"Mama, hiyo ni ya mashine! Umeiwasha au umeizima?"

Kilikuwa kitufe tu, hakionyeshi lolote.

"Sijui, fundi. Nimeshaibonyeza mara nyingi."

"Usiiguse tena! Kimbia kazime mein swichi kule getini!"

Bi Ruzuna alitoka mbio kuelekea getini, kanga ikabaki sakafuni. Mbaruku alivuta mkono mpaka ngozi ikachubuka.

Mtaa wa chini watoto wakalipuka kwa shangwe: "Umerudi! Umerudi!" Shangwe ikapanda nyumba kwa nyumba.

"Mama, umefika?"

Akavuta mkono tena, saa haikuachia.

Nyuma ya ukuta, redio ya jirani ikaanza kuimba.