Diski Kwenye Friza ya Ubuyu

Nilibandika sikio kwenye diski ya laptopu, nikaisikia: tik, tik, tik, kama mtu anayebisha hodi akijua hatafunguliwa.

"Imekufa?" aliuliza Mzee Mansukhlal.

Humo ndani ilikuwamo kamusi yake ya Kiswahili na Kigujarati, yenye maelezo kwa lugha zote mbili, kazi ya miaka kumi na mmoja. Nakala nyingine hana. Mafundi watatu wa Mtaa wa Aggrey walishamwambia atupe laptopu anunue mpya.

"Haijafa, mzee. Inakata roho. Ikigandishwa, inaweza kuzinduka kwa dakika chache. Au isizinduke kabisa."

Akanitazama, kisha akafumba macho. "Gandisha, binti."

Nikaifunga kwa mifuko miwili ya nailoni, nikaizika ndani ya friza ya jirani yangu, katikati ya barafu zake za ubuyu za kuuza. Wale watatu wakaja kucheka. "Dada fundi, siku hizi unauza lambalamba?"

Nikaifunga friza.

Baada ya saa mbili niliichomoa, nikaipangusa, nikaiunga kwenye kompyuta yangu. Iliunguruma vizuri. Nikaanza kunakili. Asilimia sitini. Themanini. Diski ikaanza kutoka jasho. Tisini na sita, tik. Mzee akaikamata meza. Tisini na tisa, tik, tik.

Mia.

Ikanyamaza moja kwa moja.

Mzee hakusema asante. Alivaa miwani, akafungua herufi B, akateremsha kidole taratibu kwenye kioo. Kisha akawageukia wale watatu, ambao sasa walikuwa wamesimama mlangoni.

"Barafu," akawasomea kwa sauti, kama mwalimu darasani. "Maji yaliyoganda."