Kinyama Jichoni

Mambo yaliharibika Jumatano ile ya kiangazi, wakubwa wa mashamba ya chumvi walipochukua miwani ya jua ya wafanyakazi ili wageni wao wasiumizwe na mng'ao. Wageni wakaondoka nayo. Tangu siku hiyo Chengo alikwangua chumvi akiwa amejifunika uso kwa leso ya Sidi, marehemu mkewe, akichungulia kwenye upenyo.

"Bibi harusi huyo!" wenzake walimtania. "Mahari tupeleke wapi?"

"Pelekeni kwa msimamizi. Si ndiye anayekula kila kitu?"

Wao walicheka, yeye hakucheka. Jicho lake la kulia lilikuwa limeota kinyama pembeni, na daktari alimwonya kwamba jua likizidi kitatambaa hadi kwenye mboni, asione tena. Sidi ndiye aliyekuwa akimshika kidevu kila jioni na kumwambia, "Bado, mzee wangu, kiko mbali." Sasa akijitazama kwenye kioo aliona ukungu tu, na nyumbani hamkuwa na mtu mwingine.

Jioni moja alimfuata msimamizi ofisini.

"Miwani sina, Chengo. Waulize wakubwa."

"Sikufuata miwani, bwana. Nitazame jicho tu, uniambie kinyama kimefika wapi."

"Kwani mimi daktari?" Msimamizi alicheka, lakini akamshika kidevu, akainama kumtazama.

Kicheko kikamkauka. Chengo alitulia, uso juu, vidole vya mtu vikiwa usoni mwake kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Kimefika wapi, bwana?"