Kicheko cha Nyamizi

Tangu nywila zipigwe marufuku, kila faili hufunguka kwa kicheko cha mwenyewe. Nyamizi alizifungia kwa kicheko chake mwenyewe barua pepe alizoandikiwa na binti yake, Kalunde, siku walipokuwa wakitaniana jikoni juu ya ugali uliotoka mbichi. Sasa Kalunde ameshazikwa, barua zake zote zimo ndani ya faili hilo lililofungwa, na mama mtu hajacheka tangu msiba.

Ndipo akaniita mimi, mtani wake wa Kizaramo.

"Nyie Wanyamwezi hata kulia mnalia kwa mstari, kama wapagazi," nilimwambia. Akatabasamu kwa adabu tu. Kompyuta haikulifungua faili.

Basi nikafanya ile kazi ya watani msibani. Nikajifunga kanga ya Kalunde, nikaiga mwendo wake wa kuburuta ndala, nikaiga na sauti: "Mama, huu ni ugali, au ni uji umevaa suti?"

Nyamizi akacheka. Alicheka hasa, mpaka akashika meza, na machozi yakamtoka ndani ya kicheko hicho hicho. Nikajipongeza moyoni.

Kompyuta ikasikiliza, kisha ikaandika: "Kicheko hiki si cha mwenye faili. Je, mwenye faili amefariki? Ukijibu ndiyo, faili litafutwa. Ukijibu hapana, cheka tena."

Nyamizi aliyasoma maandishi hayo taratibu, akijifuta macho kwa pindo la kanga niliyovaa.

"Mtani," akaniuliza, "nijibu nini?"